Neno "Jimama": Maana Yake na Asili Yake

Yako maneno ambayo mtu huyasikia kila siku sokoni, garini na hata darasani, akayazoea kama anavyozoea mlio wa mlango wa nyumba yake, asiulize yametoka wapi wala yamebeba nini. Mojawapo ni neno jimama. Twalisikia likisemwa juu ya mwanamke mwenye mwili mkubwa sana, mrefu au mpana au vyote viwili. Asemaye hucheka, wasikiao hucheka, na mazungumzo huendelea. Lakini kijana anayesoma Kiswahili kwa nia ya kukiandika vizuri hana budi kusimama kidogo mbele ya neno kama hilo na kuuliza mambo matatu: limeundwaje, limetoka wapi, na hufanya kazi gani likishatamkwa? Nataka tuyaulize maswali hayo pamoja, msomaji wangu, kwa sababu naamini kwamba neno hili latueleza habari za msemaji kuliko za mwanamke anayetajwa.

Nakuandikia hasa wewe uliyekulia upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Maua mpaka Runyenjes, ambaye Kimeru au Kiembu kilikuwa kinywani mwako kabla ya Kiswahili. Lugha yako ya nyumbani ni ndugu wa Kiswahili, na udugu huo ni msaada mkubwa. Lakini ndugu wawili wanaofanana sana ndio wanaomchanganya mgeni, na katika jambo hili la kukuza na kupunguza watu kwa maneno, lugha zetu zimetutegea mitego miwili ambayo nitaionyesha mbele.

Kwanza tulifungue neno lenyewe. Lina vipande viwili, ji- na mama. Mama ni neno lisilohitaji mfasiri. Mtoto mchanga hulitamka kabla hajajua kwamba anatamka neno, kwa kufumba midomo na kuifumbua. Ndiyo maana sauti kama hiyo imekuwa jina la mzazi wa kike katika lugha nyingi za dunia ambazo hazina udugu wowote kati yao. Katika Kiswahili neno hili limepanuka. Mama si yule aliyekuzaa peke yake. Dada wa mama yako ni mama mkubwa au mama mdogo, kwa kadiri ya umri wake; na mwanamke yeyote mtu mzima, ambaye adabu haikuruhusu umwite kwa jina lake, ni mama pia. Ukimwuliza njia mwanamke usiyemjua, wamwambia, "Samahani, mama." Kwa hiyo neno mama lina heshima ndani yake hata kabla hujaliongezea kitu.

Tazama pia kwamba neno mkubwa, likifuata mama, halipimi mwili. Mama mkubwa aweza kuwa mwembamba kama ufito. Ukubwa wake ni wa umri na wa cheo katika ukoo. Kiswahili kilipotaka kuutaja ukubwa wa umbo, na kuutaja kwa neno moja, kilikwenda kutafuta mahali pengine, nako ni katika kiambishi ji-.

Kiambishi hiki wakijua tangu shule ya msingi. Mtu akiwa mkubwa kupita kiasi huwa jitu. Mbwa huwa jibwa, nyoka huwa joka, nyumba huwa jumba, na mji ukikua sana huwa jiji. Edward Steere, katika kitabu chake cha kueleza Kiswahili cha Unguja kilichotolewa mwaka 1870, alikwisha kuandika kwamba jina la Kiswahili laweza kuhamishwa kutoka ngeli yake likaingizwa katika ngeli hii ili kuonyesha ukubwa. Na Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, naye aliyapa majina ya ukubwa na udogo mahali pao. Basi desturi hii si ya jana, wala haikubuniwa na watunga mitihani.

Lakini angalia usidanganyike. Si kila ji- ni ya ukubwa. Jicho, jino, jiko na jiwe ni maneno yenye ji- kwa sababu hiyo ndiyo ngeli yao ya kuzaliwa. Jicho la sisimizi ni jicho vilevile. Ji- huwa ya ukubwa pale tu neno lilipokuwa na makao yake mahali pengine, likang'olewa na kupandwa hapa. Neno jitu ni mtu aliyeng'olewa. Neno jimama ni mama aliyeng'olewa. Tuliweke akilini jambo hili la kung'olewa, kwa maana tutalirudia.

Mwanafunzi mwangalifu ataniuliza, "Mwalimu, mbona mtoto akikuzwa huwa toto, bila ji-, na kikapu huwa kapu, bali mama huwa jimama?" Swali ni zuri. Mtoto na kikapu yana viambishi vyao, m- na ki-. Ukiviondoa, msikilizaji atatambua mara moja kwamba kuna kilichobadilika, na shina lililobaki lina silabi za kutosha kusimama peke yake. Mtu, ukimwondolea m-, hubaki -tu, silabi moja isiyoweza kusimama. Kwa hiyo hutegemezwa kwa ji-. Ama mama hana kiambishi cha kuondolewa. Kama hatungeongeza ji-, neno lingebaki mama lilelile, na hakuna ambaye angejua kwamba limekuzwa. Kwa sababu hiyohiyo twasema jibaba na jipaka. Wingi wake ni majimama, na wapo wasemao mijimama. Wengine, wasiotosheka na kiambishi kimoja, husema lijimama, kana kwamba mwanamke huyo amepakiwa mzigo juu ya mzigo.

Jimama ni neno la mazungumzo zaidi kuliko la vitabu. Neno ambalo vitabu vyetu vya shule hulifundisha ni janajike, na hili nalo lina ufundi wa kutazamwa. Mwanamke ni neno lililojengwa kwa maneno mawili, mwana na mke. Wakuzaji hawakuridhika kukuza nusu moja. Walimchukua mwana wakampa ji-, akawa jana. Wakamchukua mke wakampa ji- pia, akawa jike. Kisha wakaunganisha, ikawa janajike. Hapa lugha ya kwetu itakusaidia. Mwana wamjua katika Kimeru na Kiembu kwa umbo lilelile. Na -ke ya Kiswahili ina asili moja na -ka ya neno muka, yaani mke, ambalo Waembu wanalo pamoja na Wakikuyu. Basi janajike si neno la ajabu lililoshuka kutoka mbinguni. Ni jamaa zako wawili wa zamani waliovikwa mavazi mapana.

Hata hiyo ngeli ya ji- si ngeni kwetu. Kiswahili husema jicho, Kimeru husema riitho. Kiswahili husema jiko, Kimeru husema riiko. Ni ngeli moja ya lugha za Kibantu iliyopokea sauti tofauti katika safari zake. Mtu aweza kudhani, basi, kwamba Mmeru naye akitaka kumkuza mtu atamtia katika ngeli hiyo. Sivyo. Na hapa ndipo ulipo mtego wa kwanza.

Katika Kimeru, muntu ni mtu. Ukitaka kusema ni mtu mkubwa wa kutisha au wa kuchukiza, wasema kimuntu. Ukitaka kusema ni mdogo, wasema kamuntu. Kiembu hufanya vivyo hivyo: mundu, kimundu, kamundu. Kumbe katika lugha zetu ki- ndiyo ya kukuza, na ka- ndiyo ya kupunguza. Kiswahili kimeiacha ka-, na kazi yake kimeikabidhi ki-. Kitoto ni mtoto mdogo. Kijumba ni nyumba ndogo. Kijitu ni mtu mdogo wa kudharauliwa. Silabi moja, ki-, hufanya kazi mbili zinazopingana: ukiwa Chuka humkuza mtu, ukifika Mombasa humpunguza.

Ndiyo sababu wengi wetu wa bara twasema katoto pale ambapo mtu wa Pwani husema kitoto. Kosa hilo ni dogo na kila mtu huelewa. Lakini fikiri juu ya kijana wa Embu aandikaye, "Kimama kiliingia mlangoni," akitaka tumwone mwanamke aliyeujaza mlango. Msomaji wa Lamu ataona kinyume chake: mwanamke mdogo, tena wa kudharauliwa, akipenya kama panya. Na kama neno kimama lingekuja peke yake baada ya kitendo, angelichukua kuwa na maana ya namna ya akina mama, kama tusemavyo kike na kiume. Mwandishi alitaka kujenga mlima, msomaji akaona kichuguu. Wala hakuna kati yao aliye mjinga. Kila mmoja amefuata lugha yake kwa uaminifu.

Mtego wa pili umo katika neno -nene. Nyumbani kwetu -nene ni kubwa. Munene ni mkubwa, na kwa Wakikuyu na majirani zao neno hilo lilitumika pia kumtaja mtawala. Kumwita mtu munene ni kumpa heshima. Katika Kiswahili, mnene ni mwenye nyama nyingi mwilini, au kwa mti na kamba, wenye unene. Basi kijana atokaye Nkubu akimsifu mwalimu wake mkuu mbele ya wageni wa Pwani kwa kusema, "Huyu ni mama mnene sana katika shule yetu," amekusudia kumwinua, bali wageni watatazama chini kwa haya. Mambo haya si ya kuchekesha tu. Yanatuonyesha kwamba katika lugha moja ukubwa wa mwili na ukubwa wa cheo vyaweza kukaa katika neno moja kwa amani, na katika lugha ya pili vikawa vimetengana kabisa.

Hata mbali na kwetu watu wamezijua njia hizi. Wahispania, ambao kwao mwanamke ni mujer, humwita mwanamke mkubwa mujerona, kwa kutia mkia nyuma ya neno badala ya kutia kichwa mbele. Kila taifa, yaonekana, limeona haja ya kuwa na kifaa cha kukuzia watu. Lililo muhimu ni namna ya kukitumia.

Sasa tuje kwenye swali la tatu, ambalo ndilo moyo wa insha hii. Neno jimama hufanya kazi gani?

Nilisema kwamba jimama ni mama aliyeng'olewa mahali pake. Mahali pake palikuwa wapi? Palikuwa katika ngeli ya watu, ile ya a- na wa-. Kiswahili kina adabu moja nzuri sana: kiumbe mwenye uhai, hata jina lake likiwa na umbo la ngeli nyingine, hupewa upatanisho wa mtu. Kipofu ana ki- kama kiti, lakini hatusemi kipofu kimefika. Twasema kipofu amefika. Waziri hana m-, lakini twasema waziri amefika. Uhai wake unamlinda. Jina la ukubwa ndilo laweza kuuvunja ulinzi huu. Vitabu vya shule hutufunza kwamba majina ya ukubwa huingia katika ngeli ya LI-YA, pamoja na jiwe, jembe na gunia. Katika mitihani huambiwa, "Andika sentensi hii katika hali ya ukubwa: Mwanamke huyu anabeba kikapu." Nawe waandika, bila kusita, "Janajike hili linabeba kapu." Mwalimu atia alama ya sahihi.

Ni sahihi kweli, wala silaumu zoezi hilo. Ni mazoezi ya viungo vya lugha, kama vile mtoto arukavyo kamba bila kuwa na safari. Lakini kuna hatari mwanafunzi akidhani kwamba kilicho sahihi katika zoezi chafaa kila mahali. Katika zoezi hakuna mwanamke. Kuna neno tu, na neno halisikii uchungu. Katika insha, katika hadithi na katika maisha, yuko mwanamke, na hatua ile ya kutoka a- kwenda li- humtoa katika jamii ya watu ikamweka kwenye rafu ya vyombo.

Na tuone kwa mfano ambao nimeutunga kwa kufuata mtindo ninaoukuta mara nyingi katika kazi ninazosahihisha chuoni:

"Siku hiyo nilikwenda soko la Gakoromone kununua ndizi. Jimama moja lilikuwa limeketi kando ya njia, limejaa kama gunia la mahindi. Nililiuliza bei, nalo likanijibu kwa sauti nzito."

Sarufi haina kasoro. Msomaji aweza hata kutabasamu. Lakini tuipime kazi hii kama wahakiki. Mwandishi ametupa sentensi tatu, na tumejua nini juu ya mwanamke huyu? Kwamba ni mkubwa. Tumeambiwa mara moja kwa ji-, mara ya pili kwa li- zinazofuatana kama nyundo, mara ya tatu kwa gunia, mara ya nne kwa sauti nzito. Jambo moja limesemwa mara nne, na mengine yote yameachwa. Hatukuona uso wake. Hatukuona mikono yake, wala ndizi zake, wala bei hatukuambiwa. Neno kubwa limesimama mlangoni likauziba mwanga, nasi tumekaa gizani tukiamini kwamba tumeona. Huu ndio udhaifu wa kwanza wa neno jimama katika uandishi: humpumzisha mwandishi mapema. Hudhani amekwisha kueleza, kumbe amekwisha kuhukumu tu.

Sasa tazama namna nyingine:

"Siku hiyo nilikwenda soko la Gakoromone kununua ndizi. Kando ya njia alikuwa ameketi mama mmoja, pandikizi la mtu, aliyeikinga jua mikungu mitatu kwa kivuli cha mabega yake. Nilimwuliza bei. Hakunijibu mara moja. Aliugeuza mkungu kwa mkono mmoja, akanionyesha mahali ulipoanza kuiva, ndipo akaitaja bei."

Mwanamke hakupunguka hata kidogo. Naona ni mkubwa zaidi kuliko yule wa kwanza, kwa kuwa sasa tunaujua ukubwa wake kwa kazi unayoifanya: kivuli chake kinalinda mali, mkono wake mmoja unageuza mkungu mzima. Lakini ameketi, hakujibu, aligeuza, akaonyesha, akataja. Kila kitendo ni cha a-, cha mtu. Tena tumejifunza kwamba anaijua biashara yake na hamdanganyi mnunuzi. Hata lile neno pandikizi, ambalo ni la ngeli ya LI-YA, limekuja likifuatana na la mtu. Maneno hayo mawili madogo yanamlinda. Ukubwa umetajwa na utu haukusahauliwa.

Yupo atakayesema, "Mbona wanaume nao huitwa majitu na mijibaba? Kiambishi hakibagui." Kiambishi chenyewe hakibagui, ni kweli. Ila tusikilize matumizi. Mwanamume akiitwa dume, mara nyingi amesifiwa: ni shujaa, hakimbii vita wala deni. Mwanamke akiitwa jike, amefananishwa na mnyama wa zizini. Na akionyesha ushujaa, husemwa ni jike dume, yaani sifa yake imeazimwa kutoka kwa wanaume. Dume na jike ni maneno ya ngeli moja, yamekuzwa kwa njia moja, lakini lugha ya watu imempa mmoja taji na mwingine kamba. Hili si kosa la sarufi. Ni desturi, na desturi ni mali ya wanaoitumia. Wao ndio wawezao kuigeuza.

Historia yetu haikukosa wanawake ambao ukubwa wao haukuhitaji kiambishi. Mwaka 1913 na 1914 Wagiriama wa Pwani walimsikiliza Mekatilili wa Menza alipowahimiza kuupinga utawala wa Waingereza. Hapa karibu, masimulizi ya upande wa Embu humtaja Cierume, mwanamke aliyesifika kwa ushujaa wa vita. Wasimulizi huwataja kwa majina na kwa matendo. Hakuna apimaye kwanza upana wa mabega yao.

Simaanishi kwamba neno jimama lifungiwe kabatini. Neno lolote lina siku yake ya kazi. Katika ngano za kutisha, ambamo majitu hula watu na majoka hulinda visima, jimama lenye li- lina haki yake, kwa maana huko twataka kutoka katika ulimwengu wa watu. Katika mchezo wa kuigiza, mhusika mwenye dharau aweza kulitamka, nasi tukamjua yeye kwa neno lake. Na wapo akina mama wanaoitana hivyo wao kwa wao kwa mapenzi, wakicheka pamoja mpaka machozi. Lakini neno la mapenzi lina mwenyewe. Utani wa shangazi zako jikoni haukupi wewe ruhusa ya kuutumia barabarani.

Tena tukumbuke kwamba unene haukuwa aibu sikuzote. Pwani na hata bara, wazee wengi humwambia mtu, "Umenenepa," wakiwa na maana kwamba ameshiba, ana afya, na nyumbani kwake kuna amani. Siku hizi madaktari wametufunza kuuangalia uzito wa mwili kwa hadhari, na wengi hawaipokei tena salamu hiyo kwa furaha. Mwandishi mwema atajua anamwandikia nani na wakati gani. Mwili wa mtu si dhambi wala si sifa. Ni hali yake tu.

Kama wahitaji maneno, Kiswahili si maskini. Liko pandikizi la mtu, tulilokwisha kuliona, na liko pande la mtu, kama vile pande la gogo lililokatwa. Yuko mtu wa miraba minne, aliyejengeka sawasawa pande zote kama sanduku imara. Liko jabali, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo maana yake ya kwanza ni mlima au mwamba mkubwa. Nasi tuketio chini ya Mlima Kenya twajua kwamba kufananishwa na mlima si matusi. Liko neno kunawiri, la mtu aliyependeza na kujaa afya. Liko bonge, lakini hili ulitumie kwa uangalifu, kwa maana asili yake ni bonge la ugali au la udongo, na hakuna apendaye kuitwa donge. Kila neno kati ya haya lina picha yake. Lichague kwa picha yake, usilichague kwa mlio wake tu.

Nimalizie kwa jambo linaloniuma, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Neno hili halikai vitabuni peke yake. Huingia darasani. Kuna msichana katika madarasa mengi, mrefu kuliko wenzake au mpana kuliko wenzake, ambaye siku moja mtu mmoja alimwita jimama, na tangu siku hiyo hajitokezi mbele kuandika ubaoni. Ana jibu, bali hataki kusimama. Aliyemwita amekwisha kusahau, kwa kuwa kwake lilikuwa neno la dakika moja. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kitapona kabla ya muhula kwisha.

Basi, msomaji wangu, utakapokutana tena na kiambishi ji-, kitambue. Kijue kwa asili yake, uweze kukitumia katika mtihani bila kubabaika, wala usikichanganye na ki- ya nyumbani. Lakini kabla ya kukibandika juu ya mtu, jiulize kwanza umemwona nini zaidi ya ukubwa wake. Kama umeona kitu kingine, andika hicho. Kama hujaona kitu kingine, bado hujamtazama. Rudi ukamtazame, kisha uchukue kalamu.